Chupa ya Bahari kwa Mwalimu Kimaiyo

Tanga, 4 Machi 1957

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nasikia kifua kinakusumbua. Naomba isiwe kweli. Sisi ni wazima.

Miaka sita sijakuandikia, maana siku niliyoolewa huku Tanganyika ulisema nisikanyage mlango wako kwa hiari yangu. Barua hii ni ya kazi. Wanafunzi wangu wanaandikiana na wa Mwalimu Kimaiyo, hapo karibu nawe, mtaa wa Bondeni. Wetu wanaeleza habari za bahari, wao wanaeleza wanyama wanaofuga nyumbani. Barua ya kwanza ilikuwa ya mbwa wa mzee mmoja wa reli, anayebweka treni ya abiria ikipita, ya mizigo anaiacha. Nilipoona jina la mbwa huyo, Breki, nilijua ni wako, nikatoka darasani kidogo.

Tutatuma chupa ya maji ya bahari. Ipokee stesheni, umfikishie Mwalimu Kimaiyo. Kazi hii ikienda vizuri, Agosti shule itanipa waranti ya kusafiri bure kwa treni nije Nakuru na wanafunzi wanne. Hapo nitakuwa nimeletwa, Baba. Sitakuwa nimekuja kwa hiari yangu.

Binti yako,
Nasimiyu

Nakuru, 19 Machi 1957

Kwa binti Nasimiyu,

Salamu nyingi kama mabehewa ya mahindi. Mimi niko mzima kushinda vijana wa hapa. Kifua ni maneno ya watu. Hii naandika na mkono wangu, sikuita karani.

Breki amenona. Ambia watoto wako huyo si mbwa wa kulala jikoni.

Bahari usinifundishe. Nimekuwa brekimeni, mfunga breki za treni, miaka ishirini na nane, Mombasa nimefika mpaka nikachoka, maji yake nimeoga. Kimaiyo angeniuliza mimi. Lakini chupa lete.

Ile maneno ya mlango nilisema na sirudishi. Lakini mtu akiletwa na waranti hiyo ni amri ya reli, na mimi amri ya reli sijawahi kukataa. Kitanda cha marehemu mama yako bado kiko.

Ni mimi baba yako,
Makokha

Nakuru, 11 Juni 1957

Kwa binti Nasimiyu,

Salamu tena. Mimi mzima, Breki mzima.

Chupa imefika na nimeipeleka mwenyewe, nimevaa koti ya reli na vifungo vyote. Watoto walisimama. Nikawaeleza bahari mpaka kengele ikalia, mwalimu akaogopa kunikatiza.

Nimepaka ukuta chokaa. Si kwa sababu ya mtu. Ulikuwa mchafu.

Ni mimi baba yako,
Makokha

Tanga, 22 Julai 1957

Baba,

Shikamoo. Habari za kifua? Za huku si nzuri.

Tuliwaambia wanafunzi wa Nakuru wachemshe yale maji yakauke, waone chumvi ya kupikia ikibaki sufuriani. Mwalimu Kimaiyo anaandika kwamba yamebaki magadi, yale yale ambayo mama zao hulainishia mboga. Alikuuliza kama chupa ilifunguliwa njiani, ukamwambia Makokha hajadanganya tangu azaliwe. Basi waongo tumekuwa sisi. Mwalimu mkuu wetu amesimamisha kila kitu. Waranti nitaipata tu kama Kimaiyo ataandika kabla ya tarehe kumi Agosti kwamba kosa halikuwa letu.

Nta ya ile chupa niliifunga mwenyewe. Sikuulizi kilichotokea. Nenda kwake useme neno moja.

Binti yako,
Nasimiyu

Nakuru, 3 Agosti 1957

Kwa binti Nasimiyu,

Salamu. Mimi mzima.

Labda ni bahari yenu imeharibika. Huyo Kimaiyo nilimwona akibebwa mgongoni, leo niende kusimama mbele yake kama mwizi wa kuku, watoto wakiangalia? Koti hii haijawahi kuomba msamaha. Wewe njoo tu na waranti yako. Ukuta umekauka.

Ni mimi baba yako,
Makokha

Tanga, 20 Agosti 1957

Baba,

Shikamoo.

Tarehe kumi imepita. Darasa langu amepewa mwingine. Mume wangu amepata kazi Lindi, mbali kusini, na tutahama mwanzo wa Oktoba.

Wanafunzi walikuwa wamemchora Breki akiogelea baharini. Nakutumia picha, maana hakuna tena pa kuipeleka.

Waranti haipo. Lakini ukiandika "njoo", hilo neno tu, nitakuja. Nitangoja mpaka mwisho wa Septemba.

Binti yako,
Nasimiyu

Nakuru, 2 Novemba 1957

Mwanangu Nasimiyu,

Nimechelewa sababu kalamu iliharibika. Hapana. Kalamu ni nzima.

Mombasa sijafika. Kazi yangu ilikuwa Nakuru na Kisumu, Nakuru na Kisumu. Upande wa bahari mwisho wangu ni Nairobi. Chupa ilikaa mezani siku mbili naiangalia. Nikatoa nta nionje kidogo, nijue mahali unakaa kuna ladha gani. Nikaonja tena. Nikanywa nusu, nikatapika, na Breki akaangusha iliyobaki. Nikaenda kujaza ziwani hapa Nakuru, maji yake pia yana chumvi. Nilifikiri chumvi ni chumvi.

Jumatatu nilienda shule. Kimaiyo amehamishwa Kabarnet. Mwalimu mpya, msichana anaitwa Jeruto, hajui chupa yoyote. Nikamwambia hata hivyo, mbele ya watoto, na koti niliacha nyumbani. Akasema, "Sawa, mzee. Kaa hapa kivulini upumzike."

Njoo. Nimeandika. Njoo.

Ni mimi baba yako,
Makokha

Nakuru, 14 Februari 1958

Mwanangu Nasimiyu,

Kifua ni kibaya. Ulisikia kweli.

Barua yangu ya Novemba imerudi na muhuri, hakuna mtu wa jina hili Tanga. Nimeiweka ndani ya hii. Posta wananiuliza Lindi mtaa gani, kazi gani, nikawaambia andika Lindi tu, binti yangu anajulikana huko. Walicheka lakini wameichukua.

Breki alikufa mwezi uliopita. Picha yake iko kwa ukuta, pale chokaa imeanza kubanduka. Treni ya abiria ikiingia hakuna wa kuniambia tena, inabidi nisikilize mwenyewe, na masikio si yale.

Ni mimi baba yako