Jino la Kukatia Uzi

Jumatatu, 3 Machi

Daftari, niwie radhi. Mara ya mwisho kukushika, mtoto alikuwa hajui kukaa. Sasa anakaa na anaota jino la kwanza, na mimi langu la pembeni linanitoa roho. Tunalia kwa zamu. Yeye kwa sauti, mimi kimya, maana tukilia wote nani atambembeleza mwenzake?

Lilianza na maji ya baridi. Mchomo mmoja, likatulia. Leo chai ya moto – na kikombe kimekwisha, maumivu yapo. Yanapanda mpaka sikioni.

Jumatano, 5 Machi

Kazini, mtoto mgongoni, nimeshona mikono ya sare, miwili nikaiweka kinyume. Nikafumua. Mama Vifungo wa cherehani ya jirani akaniona nimeshika shavu. Mkasi uko mezani, akasema, wewe miaka sita unakata uzi kwa meno, ulidhani ni ya chuma?

Kweli. Nimelipapasa kwa ulimi. Lina kijia kilicholika, upana wa uzi kabisa.

Akanipa asprini, niibanie kwenye fizi. Nikabania. Fizi imebabuka, nyeupe, inawaka. Sasa nina maumivu mawili.

Ijumaa, 7 Machi

Nikilala kunyonyesha linapiga kama cherehani. Nikikaa linapungua kidogo. Basi namnyonyesha nimekaa, mgongo ukutani.

Dada kapiga simu. Unahitaji nini nikutumie? Nikamjibu kama siku zote: hatujambo, sihitaji kitu. Jicho moja nimelifumba kwa maumivu.

Jumapili, 9 Machi

Limeacha! Nimeamka, kimya. Nimefua nepi zote huku naimba.

Baba mtoto kapiga kutoka huko kazini kwake, simu yake ya wiki. Si nilikwambia litapoa lenyewe? Tukacheka. Alipokata, chumba hiki kimoja kikawa kikubwa mno.

Jumatatu, 10 Machi

Nilijaribu maji ya baridi. Hakuna kitu. Ya moto, hakuna. Kama jino la mtu mwingine. Hapo ndipo nikaogopa. Nikambeba mtoto tukaenda kliniki.

Daktari wa meno ni mama wa makamo, mikono myepesi. Akagonga meno moja moja kwa mpini wa kile kioo chake. La pembeni nikaruka. Akaniambia ndani ya jino mna mshipa wa fahamu, mwembamba kama uzi, umefungiwa kwenye chumba kigumu. Ukivimba hauna pa kutanukia, ndiyo maana unatesa vile. Ukilala, damu inajaa kichwani, maumivu yanazidi.

Sasa limenyamaza, nikasema, si limepona?

Limekufa, mama. Kunyamaza siyo kupona. Usaha unaanza chini.

Linaweza kuokolewa: atatoboa, atoe kile kilichokufa kwa visindano vyembamba, asafishe mzizi, azibe. Vya kazi yangu kabisa. Kwa sasa nilalie mito miwili, nisukutue maji ya chumvi ya uvuguvugu, dawa nimeze aliyonipa yeye, ya mama anayenyonyesha. Asprini kwenye fizi, marufuku. Uso ukivimba au homa ikija, nisingoje siku ya miadi.

Siku ni Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nitakaa kwa saa mbili nzima kitini. Akamtazama mtoto mapajani mwangu. Huyu nani atamshika? Siwezi kutoboa naye hapo.

Nikasema yupo mtu.

Jumanne, 11 Machi

Hayupo. Mama Vifungo yuko zamu, na sare zinatakiwa Ijumaa. Jirani wa mlango wa pili amesafiri. Mama Vifungo kasema ling'olewe, dakika tano tu, yeye ana mapengo matatu na anakula nyama. Sitaki. Nina miaka ishirini na minne.

Naandika hapa kwanza, nikipata moyo nihamishie kwenye simu.

Dada, Ijumaa nilikudanganya. Nahitaji vitu. Mto mmoja, huu wangu umelala kama chapati. Kikombe cha mtoto chenye mdomo, maana ganzi ikinishika sijui nitamnyonyesha saa ngapi. Ule mkasi wako mdogo wa kuvaa shingoni, ili nisisahau tena. Hivyo vinaweza kungoja hata mwezi.

Na wewe. Alhamisi, saa tatu kasorobo, mlangoni pa kliniki. Unishikie mtoto kwa saa mbili tu. Ukimbeba mgeuze atazame mbele, ndivyo anavyopenda. Na vidole vyako uviangalie, jino lake limeshatoka.