Bawaba Niliyoichomelea Mimi

Baba,

Sijui nianzie wapi. Lile sanduku la chuma tulilowatengenezea watu wa mpango wa serikali wa kuchunguza bahari kuu limerudi Nairobi. Limerudi limevunjika.

Unakumbuka walivyokuja hapa karakanani Shauri Moyo kutafuta fundi? Uliwauliza, "Bahari iko Mombasa, mnatafuta nini huku Nairobi?" Daktari Mwende, yule mama mtafiti, alicheka, akakueleza: litashushwa kwa kamba hadi chini kabisa, lifunge taya zake, lipande na matope. Walitaka kujua ni viumbe gani wanaishi huko kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kuchimba madini. Ulifurahi. Ukasema, "Hawa angalau wanabisha hodi."

Kisha ukalazwa hospitali, ikiwa imebaki bawaba moja. Ukaniambia pale kitandani, "Nafula, hiyo uichomelee ndani na nje."

Nilichomelea nje tu, Baba. Mama alipiga simu kwamba hali yako imebadilika, nikazima mashine nikakimbia. Tulipotoka kukuzika Bungoma, Otieno wa karakana ya jirani alikuwa ameshawapa sanduku. Ningeweza kuwapigia simu niwaonye. Nilinyamaza.

Huko chini bawaba ile ikaachia, matope yakamwagika. Sanduku lilipanda tupu, taya moja inaning'inia, na meli ikarudi bila matope ya sehemu ile. Sasa wanaotaka kuchimba wanasema hakuna kilichopatikana, kwa hivyo hakuna kinachoishi huko. Na kwenye ripoti ya hasara, jina la fundi ni lako. Otieno naye nilimsikia pale soko la Burma, tunapokula nyama choma, akiwaambia watu, "Mzee alikuwa amechoka tu. Hiyo kazi ilimshinda." Niliacha nyama yangu mezani nikatoka.

Jana nilienda ofisini kwa Daktari Mwende. Nilimwonyesha upande wa ndani wa bawaba, hauna hata alama ya moto.

"Hii ni kazi yangu," nikamwambia. "Baba alikuwa hospitali."

Alikipapasa kile chuma kwa kidole. Mwishowe akasema, "Jina la mzee nitaliondoa kwenye ripoti. Meli nitaiomba tena, lakini siwezi kukuahidi." Nani atatengeneza sanduku lingine, hakusema. Nami sikuthubutu kuuliza.

Nilidhani nikishasema nitakuwa mwepesi. Bado, Baba. Bado kabisa. Nawawaza hao viumbe ambao hata majina hawajapewa.

Mama hajui. Jumapili tukitoka kanisani nitamwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu.

Pumzika sasa. Wananchi wataitwa kutoa maoni kuhusu uchimbaji huo, na nakuahidi nitaenda. Nitasimama mbele ya wote niseme bahari haikuwa tupu. Matope yalikuwepo. Ni mimi niliyeyamwaga.

Binti yako,
Nafula