Dirisha la Juu Lisilofunguka

Babu,

Shikamoo. Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu ulinifundisha mwenyewe kwamba anayerefusha salamu ana jambo analificha.

Jumapili ni misa yako ya mwaka, hapa Barking tunakoishi. Jana Mama Mkubwa alileta vijitabu vya misa kutoka kwake Thornton Heath, amevitia kwenye mfuko wa mchele. Kwenye jalada, badala ya uso wako, kuna ile nyumba ya Ucheki: kuta za manjano, paa refu la vigae lililokunjika katikati kama goti, mlango wa mawe wenye sanamu ya mtakatifu juu yake. Chini ameandika: "Mjenzi wa Jumba la Askofu, Ulaya."

Babu, si jumba la askofu! Ni nyumba ya paroko. Askofu hajawahi kulala pale, isipokuwa labda siku aliyonaswa na mvua. Wala hukuijenga. Ilijengwa karne ya kumi na nane, baada ya nyumba ya mbao iliyokuwapo kuteketea kwa moto. Wewe ulikwenda kusoma ujenzi huko wakati nyumba ina umri wa babu wa babu zako.

Kabla ya Pasaka nilimweleza Mama Mkubwa historia ya nyumba kwenye simu, bila kukutaja wewe. Nilikuwa nimesoma kila nilichopata maktaba. Nikamwambia kuta za chini ni nene kiasi kwamba mtu anaweza kukaa dirishani kama kwenye benchi, na zimejengwa hivyo ili zibebe dari za mviringo bila boriti. Paa lilikunjwa vile ili darini papatikane nafasi ya vyumba. Nikamweleza na jinsi serikali ya kikomunisti ya wakati wako kule ilivyomtoa paroko, ikajaza magunia ya nafaka sebuleni kwake, na kanisa likarudishiwa nyumba serikali ile ilipoanguka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Ahsante mwanangu. Kwenye misa ya mwaka wewe ndiye utakayesoma neno la familia. Sema hivyohivyo, umalizie kwamba babu yako ndiye aliyeijenga."

Mimi, Babu! Mimi ambaye mwalimu akinitaja jina darasani natamani meza inimeze.

Na kinachonichosha zaidi ni kwamba uliniambia ukweli. Unakumbuka? Mama alikuwa zamu hospitalini, wewe unamenya chungwa kwa ganda moja lisilokatika, mimi nalalamikia hesabu. Ukachukua karatasi yangu ya miraba ukaichora nyumba nzima, mlango katikati, madirisha huku na huku. Ukaweka kidole kwenye dirisha moja la juu. "Hili halifunguki."

Ukanieleza kwamba watu wa Baroki, mtindo wa ujenzi wa enzi hizo, walitaka kulia kufanane na kushoto, hata kama ndani hakufanani. Nyuma ya dirisha lile limepita bomba la moshi, hakuna chumba. Kwa hiyo walichora dirisha juu ya lipu: fremu, vioo, hata kivuli. Wewe na wanafunzi wenzako mlipelekwa pale likizo kuziba nyufa, na kwa kuwa mkono wako haukutetemeka, ukapewa brashi ulipake upya. "Nyumba wamejenga wao," ukasema. "Mimi nimepaka dirisha moja, nalo la uongo." Ukacheka mpaka ukapaliwa na chungwa. Kisha ukanong'ona: "Mama yako na Mama Mkubwa wasijue. Hii ni yangu na yako, msomi."

Nikaitunza. Ulipofariki niliitunza. Tulipokupeleka Songea kukuzika, mtu akasimama msibani na kipaza sauti akasema uliwajengea Wazungu jumba, nikabana meno nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa na kitu chako ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho.

Pasaka tukaenda Ucheki, mimi, Mama na Mama Mkubwa. Wazo la Mama Mkubwa, bila shaka. Alisimama katikati ya uwanja wa mji na koti lake la zambarau, akamsimamisha mzee mwenye mbwa, akamwambia kwa Kiingereza kwamba baba yake ndiye aliyeijenga nyumba ile. Mzee akamtazama yeye, akaitazama nyumba, akamtazama mbwa.

Mwanamke mwenye funguo akatutembeza. Alituambia lipu yote ya nje ilibanduliwa miaka michache iliyopita, ikapakwa upya. Yote. Nikatoka nje nikasimama chini ya dirisha lako. Lilikuwa jipya kabisa, Babu. Vioo vya kijivu, kivuli kizuri, na kila mstari umepigwa na mkono wa mtu mwingine. Hata hilo moja hawakukuachia.

Nikalia. Mama Mkubwa akaja mbio, "Nini tena? Njaa?" Ndipo yakanitoka yote. Kwamba dirisha lile ni la kuchora, kwamba ulilipaka wewe, na kwamba hukujenga kitu.

Akalitazama dirisha. Nikajua nimemuua.

"Najua," akasema. "Aliniambia nilipokuwa naolewa. Akasema nisimwambie mama yako, atavunjika moyo."

Mama akageuka. "Eti nini? Mimi aliniambia nikiwa na mimba ya huyu! Akasema, dada yako asijue hata kidogo."

Wakaanza kucheka. Walicheka wameshikana mabega mpaka mwanamke wa funguo akatoka kutazama kama tunapigana. Mama Mkubwa akajifuta macho akanieleza chanzo. Ulipoondoka alikuwa mdogo, watoto wenzake wakamsimanga, "Baba yako kawakimbia." Akawajibu kwamba baba yake anamjengea askofu jumba Ulaya. Uliporudi ukakuta mtaa mzima unakuita Mjenzi. "Angenikana mbele ya wenzangu?" akaniuliza.

Mimi sikucheka. Nilirudi Barking nimenuna. Ulituambia wote! Kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja na "hii ni yangu na yako". Kumbe miaka yote tulikuwa tunafichana kitu tunachokijua. Nilidhani uliniteua mimi kwa sababu wengine wanaongea, mimi nasikiliza.

Jana, nilipoona jalada, nikamuuliza Mama Mkubwa, "Si tunajua sote?"

"Sisi tunajua. Wao hawajui. Kwa uzee huu nianze kumvua baba yangu koti mbele za watu?" Akapanga vijitabu mezani. Halafu, bila kunitazama: "Lakini neno la familia unasoma wewe. Mimi sitakuziba mdomo."

Basi nimefikiri. Mtu wanayemsifu kwenye jalada simjui. Ninayemjua mimi alipaliwa na chungwa akijicheka. Nisipomtaja Jumapili, ataondoka mara ya pili, na safari hii nitakuwa nimekaa palepale nikitazama viatu.

Nitasimama. Kiswahili changu kitajikwaa, maana, ingawa hukuwahi kunijibu hata neno moja la Kiingereza, bado sijafika ulipotaka nifike. Nitaanza hivi: "Babu yangu hakujenga nyumba hii." Kisha nitawaonyesha dirisha, kwenye jalada hilohilo la Mama Mkubwa. Nitasema limepakwa na wengine kabla yako, na limepakwa tena baada yako, na kwamba likizo moja, zamu ilikuwa yako. Nitamtazama Mama Mkubwa, na natumaini atacheka kwanza, ili wengine wajue inaruhusiwa.

Lala salama, Babu. Bado nimekukasirikia kidogo. Wewe uliwaambia wote kwa kunong'ona. Mimi naahidi nitakuwa wa kwanza kuisema kwa sauti.

Msomi wako