Mistari ya Chokaa

Sfax, Jumatatu

Ami Mabrouk,

Mama hajambo, goti tu linamsumbua. Lile bomba la maji ulilolizika kwa mikono yako nimelichora kazini kwenye kompyuta, katika ramani ya hoteli inayotaka kujengwa juu yake, kwa mstari uliokatika-katika, ndivyo tunavyoonyesha vilivyo chini ya ardhi. Bosi akaja juu: "Lifiche, binti! Nguzo ya hoteli inasimama hapo hapo."

"Nikilificha kwenye mchoro, huko chini litahama?"

Akanifukuza kazi. Usinionee huruma, Ami. Mtaa wetu wote unakunywa maji ya bomba lile. Leo alfajiri nimeuchora mstari ule ule kwa chokaa juu ya kiwanja chenyewe, kipande kwa kipande, na majirani wamesimama juu yake. Katapila lililokuja kuchimba msingi limezimwa.

Kama nimepinda hata shibiri moja, njoo unisahihishe.

Mwanao mkaidi,
Ikram