Nilipewa Kuhesabu Maharage

Jumamosi. Mvua imekatika tangu alfajiri, lakini matope ya Nyangezi bado yamenata kwenye viatu vyangu, na roho yangu si safi kuliko viatu.

Leo Papa amemwaga msingi wa nyumba yake ya uzeeni. Mimi, binti yake na mtoto wake wa kwanza, ni mhandisi wa ujenzi. Hesabu ya zege alimpa Pacifique, mume wa mdogo wangu. Mimi nilipewa kuhesabu chakula cha mafundi.

Maharage!

Na Pacifique tulisoma darasa moja chuoni, na sikumbuki mtihani alionipita. Lakini Papa akimwita "ingénieur", yaani mhandisi, sauti yake inalainika. Mimi ni Nabintu tu. Nina kijiba cha roho, basi, nimeandika.

Asubuhi niliona kosa hata kabla sijatua sufuria. Mvua za wiki hii zilibomoa kingo za mitaro ya msingi, na mafundi walipotoa udongo wakazidi kuipanua. Pacifique alikuwa ameagiza simenti, mchanga na changarawe kwa vipimo vya ramani, hakurudi kupima mitaro yenyewe. Zege hujaza shimo lililopo, si lile lililochorwa. Lori lilikuwa bado linapakia Bukavu. Simu moja ingetosha.

Sikupiga. Nilichochea maharage yangu nikingoja aumbuke mbele ya Papa.

Mchana zege likaisha, pembe moja haijaguswa. Dereva alisharudi mjini, na kwa utelezi ule asingekubali kupanda tena leo. Mafundi wakaegemea makoleo yao. Pacifique akainama, anaangalia mtaro mtupu. Nikamkazia Papa macho, nikisubiri hasira.

Papa alimshika bega kama mwanawe wa kumzaa. "Usiwaze, fils. Ni mvua njo ilituharibia. Utahesabu tena."

Kisha akanigeukia, sahani mkononi, anatabasamu. "Nabintu, wewe unajuaka kuhesabu. Chakula ilitosha bien, na ingine ilibakia."

Nilitamani kumwagia ile sufuria miguuni.

Ndipo nikamwona Maman. Alikuwa ameshuka ndani ya ile pembe tupu, kitenge amekikunja magotini, anamwonyesha mdogo wangu kwa mkono. Sikuwa nimeangalia ramani kujua ni chumba gani. "Hapa njo jiko yangu," alisema. "Dirisha itakuwa huku, nikuwe naona barabara, nibaone wakati munafika."

Hakuna aliyejua kwamba nilijua tangu asubuhi. Niliosha sahani zote peke yangu, na mdogo wangu akanishukuru.

Kesho baada ya misa nitarudi Nyangezi, na mita yangu mkobani. Kupima ile pembe ni kazi ndogo. Lakini Maman akiniuliza kosa nililiona lini, nitamjibu nini?