Kisogo cha Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kuanza kuzungumza nawe kwa namna nyingine.

Mjukuu wako amezaliwa, wa kiume, muda mfupi baada ya arobaini yako. Tumempa jina lako. Kichwa nacho amechukua chako: paji limetokeza mbele, kisogo kimechomoza nyuma hata akilazwa chali kidevu kinagusa kifua. Nesi aliponikabidhi, nilikiona kichwa kwanza, halafu ndipo nikamwona mtoto. Nilipaswa kufurahi. Niliona haya.

Wewe ulikuwa muuza kofia ambaye hakuna kofia iliyomkaa. Pale mezani kwako Kariakoo wateja walikutania, "Mzee, kumbe kweli mganga hajigangi," nawe ukacheka kuliko wao. Mimi sikucheka. Nilitoka na kichwa cha Mama, cha duara, na nilishukuru kimyakimya.

Unakumbuka uliponipeleka Makumbusho? Tulisimama mbele ya mafuvu. La mtu wa kale lilikuwa refu, limelala chini, na mfupa mnene juu ya macho kama kibaraza. Ya watu wa zama zetu nayo hayakufanana, moja la mviringo, jingine jembamba na refu. Ukavua ile kofia yako iliyoning'inia utosini, ukainama mpaka uso wako ukaonekana kwenye kioo katikati yao. "Unaona, mama," ukaniambia, "Mungu hana kalibu moja." Ulifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu zake.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mama mkwe alipokuja kunihudumia alisema kichwa kitakaa sawa kikikandwa kwa kitambaa cha moto, asubuhi na jioni. Nesi wa kliniki alisema tuache, watoto hawazaliwi na vichwa vinavyofanana. Mama mkwe mwenyewe alikanda taratibu tu. Mimi ndiye niliyekazana. Nilimbinya mwanangu kama kofia iliyotiwa wanga inavyovutwa juu ya bakuli, naye analia, mimi namwambia anyamaze.

Jumamosi akaja Mzee Hamisi, jirani yako wa meza. Alisikia mtoto amefanana nawe, akamshonea kofia kwa kukisia, kwa kukukumbuka wewe. Ikamkaa. Mzee wa watu akalengwa na machozi, akasema, "Karudi." Nami, Baba, nikamjibu, "Kitanyooka hicho, tunakikanda."

Akaniangalia. "Kwani kina kosa gani?"

Nilimwekea chai, hakuimaliza.

Nina aibu, Baba. Sina neno jingine. Msibani nililia mbele za watu mpaka nikazirai, kisha nikarudi nyumbani kukufuta kwa mikono yangu, kidogo kidogo, kwa maji ya moto.

Jana nilimwogesha mwenyewe. Kisogo kikajaa kiganjani, akatulia, akanitazama. Mama mkwe akaleta kitambaa. Nikamwambia, asante mama, imetosha.

Anaamka, acha nikuage. Mungu akulaze pema. Ninakuahidi hili: akianza kutembea nitampitisha Kariakoo mchana, watu wamejaa, kichwa wazi, na atakayeuliza kakitoa wapi nitamtajia jina lako bila kuinamisha changu.

Mwanao,
Zuhura