Maji ya Kumfika Baba Kifuani

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka. Baba katolewa plasta ya mguu uliovunjika leo. Mguu umekonda, kama si wake. Mtaalamu wa viungo kasema atembee majini, maji yamfike kifuani, mara tatu kwa wiki. Humo mwili ni mwepesi. Tarehe 28 kazini watampima kupanda ngazi. Miaka kumi na tisa ya nguzo za umeme! Akishindwa anahamishiwa stoo, kuhesabu balbu. "Bora wanizike na nguzo," kasema. Mama anatoka zamu saa mbili usiku, kwa hiyo wa kumpeleka ni mimi. Mimi, ninayeona haya hata kumwomba mwalimu chaki. Nimeandika kichwa daftarini: Mahali Pazuri pa Kuogelea. Chini yake, hakuna kitu.

Jumatano, 5 Machi
Ufukwe mkubwa, ule wa kwenye kalenda. Mchanga laini, mawimbi madogo. Nilimshika Baba kwapani, tukafika maji ya magoti. Vijana waliokuwa wakicheza mpira wakasimama kututazama. Mmoja akapaza sauti: "Jamani, mzee anabatizwa!" Wakaangua kicheko. Baba naye akacheka. Kisha akageuka, akarudi nchi kavu. Ningeupa alama tisa kwa kumi. Nimeupa mbili.

Jumamosi, 8 Machi
Bwawa la hoteli. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kuongea. Mlinzi akanisikiliza hadi mwisho, akasema bakora ya Baba hairuhusiwi kwenye vigae. Na bila bakora? Bila bakora mzee ataanguka, na kuanguka pia hakuruhusiwi. "Huyu apandishwe cheo," akasema Baba. Tukarudi. Sina nguvu hata ya kukasirika.

Jumatano, 12 Machi
Nilipata ramani ya zamani maktaba. Nyuma ya maghala ya saruji kuna ngazi za zege zinazoshuka hadi baharini, na chuma cha kushikilia. Hapapiti mtu! Nikanakili jedwali la maji: saa kumi jioni. Saa kumi kamili tukafika — tope tupu. Bahari kule mbali, mstari tu.
"Profesa," akasema Baba, "maji yako umeyaficha wapi?"
Nilikuwa nimenakili saa za kupwa badala ya za kujaa. Vichwa vya safu viko ukurasa wa kwanza. Mimi nilifungua wa tatu. Nilitamani ardhi inimeze.
"Tumeshakuja," akasema, akaanza kushuka. Nikamsihi, wapi! Hatua hamsini na mbili kuyafuata maji, kisha tope likamshika miguu yote miwili. Kumtoa kulituchukua nusu saa.

Alhamisi, 13 Machi
Goti limevimba. Mama kasema iko siku vitabu vyangu vitatuua.

Jumanne, 18 Machi
Siku kumi zimebaki. Baba analala kauelekea ukuta. Nilimwambia nimehakiki mara tatu: Ijumaa maji yanajaa saa kumi na moja. Akasema niende na rafiki zangu. (Rafiki gani?) Baadaye, bila kugeuka: stoo napo si pabaya, balbu hazimcheki mtu.
Mguu unamuuma, najua. Lakini si mguu peke yake.

Ijumaa, 21 Machi
Yuko majini! Nilipotoka shule nilimkuta mlangoni, kaptura mwilini, bakora mkononi. "Umechelewa," basi. Tukaondoka.
Naandika hapa hapa, juu ya ngazi za zege. Saba zimezama, nimepima kina kwa bakora, kinamfika kifuani. Tulishuka pamoja hadi ya tatu, nimemshika shati. Anatetemeka, anasingizia baridi.
"Niachie."
"Baba, chuma kinaishia ya tano."
"Nina macho. Panda juu, unipe mgongo. Hesabu mpaka mia, ndipo ugeuke."
Nimekaa nimeelekea ghala. Naandika ili nisigeuke. Ishirini — anapumua kwa nguvu, anamtukana mtu, sijui nani. Arobaini. Maji yanapiga zege. Hamsini na tano, kitu kimetumbukia. Si kidogo! Sitini. Sabini. Kimya. Sabini na tisa, sasa nageuka, potelea mbali —
"Profesa!" Sauti iko mbali na ngazi, mbali kuliko nilivyodhani. Inahema. "Umefika ngapi?"
"Themanini!"
"Anza upya."